Lori la Kumi na Tisa

Dar es Salaam, 9 Februari 2025

Mjomba Sadoki, shikamoo.

Naandika nikiamini u mzima na kile kikohozi cha vumbi la malori kimekuachia. Huku hatujambo, ila joto. Nalala na feni usoni na bado naamka shuka limelowa. Mwanangu Brenda amefaulu kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke haoshi vyombo. Mama niliongea naye Jumapili. Goti linamsumbua lakini bado anapanda shambani na fimbo kukagua mibuni. Baba Raphaeli aliyenilea anakusalimia sana.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaiweka spika, na mara ya mwisho nilipokuuliza habari za tumbo lako alinijibu jirani.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi ya mkataba kwenye gazeti moja la zamani. Picha zao zinahamishiwa kwenye kompyuta, na sisi tunazipanga na kuandika kila moja inaonyesha nini. Mimi nimepewa sanduku la vita vya Kagera. Nyuma ya picha nyingi hakuna maelezo, na magari ni mengi, kila moja na alama zake: namba, duara, mstari kwenye bampa. Wenzangu wanaandika "gari la jeshi" wanaendelea. Nikawaambia nina mjomba Tunduma, fundi wa kuandika malori, ambaye ukimwonyesha kona ya bodi anakwambia lilitoka wapi. Nakutumia tano.

Ya tatu itazame kwa makini. Nadhani ndiyo ile ya lori lililoungua iliyotoka gazetini Aprili 1979, uliyoishika pale uani Ihanda ukasema hili ni namba 14, lori la Yesaya, kwa kuwa namba uliipaka kwa mkono wako. Kwa neno lako tukazika koti la baba yangu. Nilikuwa na miaka miwili, sikumbuki chochote. Gazeti lile lilikuwa madoadoa matupu. Hii ni safi, imetoka kwenye filamu yenyewe. Unajua tarehe 16 Agosti tunalijengea lile kaburi, na Mama anasema hakuna wa kuandika msalabani ila wewe. Nataka siku hiyo niwe na uhakika na tunachokiandika. Sijui kwa nini, Mjomba, lakini tangu niishike picha hii mikono inakuwa ya baridi, na mji huu si wa baridi.

Mpwa wako,
Ikupa


Tunduma, 2 Machi 2025

Mpwa wangu Ikupa, marahaba.

Sisi wazima kiasi cha kula na kulalamika. Kikohozi kipo. Foleni ya malori imefika hadi kule kwenye mizani, madereva wananyolewa na kuoga barabarani, na wawili wa Kongo wamekaa hapa kwetu muda mrefu hadi wameanza kusalimia kwa Kinyamwanga. Mwambie Brenda hongera, na vyombo aoshe.

Picha zako zimenipa raha. Mimi sikusoma chuo chochote, chuo changu ni hiyo foleni, lakini umeniheshimu nami nitajibu kama mtaalamu.

Ya kwanza si lori la jeshi. Ni la raia, limechukuliwa kwa vita na kupakwa matope lisionekane kutoka juu. Waliopaka walikuwa wavivu: chini ya mlango matope yamebanduka na unaona herufi K na A, na mbele yake nafasi ya nne nyingine. Hiyo ni KAHAWA. Ya pili, ule mstari mweupe kwenye bampa ya nyuma si cheo cha mtu. Ni ili anayefuata akiwa amezima taa asikugonge. Ya nne ni gari walilomnyang'anya adui. Tazama duara la mlangoni, rangi imevimba pembeni; kuna alama ya kwanza chini yake, na aliyepaka ya pili hakukwangua. Mimi ningekwangua. Ya tano wenzako wameandika "msafara wa risasi". Mpwa wangu, hilo lori ni la bia. Nembo imefunikwa na turubai lakini tazama nyuso za askari. Hakuna mtu aliyewahi kutabasamia risasi namna ile.

Macho yangu yamechoka sasa, na miwani ina mkono mmoja. Msalimie mumeo.

Mjomba wako,
Sadoki


Dar es Salaam, 16 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisomea wenzangu ofisini wakacheka hadi mkuu akatoka kuuliza kuna nini. Lile la bia limerekebishwa kwenye kumbukumbu, na jina lako limeandikwa kama aliyelitambua. Nyumbani salama. Mama ameanza kumwaga mahindi ya pombe ya shughuli juani, ingawa Agosti bado mbali. Anasema miaka arobaini na sita amengoja, hataki kukimbizana mwishoni.

Mjomba, umeruka picha ya tatu.

Nikadhani umesahau. Nikasoma tena barua yako: ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano. Mtu aliyeona rangi ilivyovimba kwenye duara hawezi kutoona lori zima limelala ubavu. Nimeikuza, nakutumia sehemu ya mlango peke yake, kubwa kama sahani. Mimi si msomaji wa malori, lakini tarakimu nazisoma. Ya kwanza ni moja. Ya pili siioni kuwa nne. Ina tumbo juu na mkia chini. Ni tisa. Na kitu kingine: rangi imechuruzika chini ya namba, michirizi mitatu mirefu. Fundi kama wewe rangi inamchuruzikaje?

Mama ananiuliza kila Jumapili kama nimepata picha ya lori la baba. Namwambia bado natafuta. Ni mara yangu ya kwanza kumdanganya tangu niolewe.

Ikupa


Tunduma, 27 Aprili 2025

Ikupa mpwa wangu,

Pole kwa kuchelewa. Mvua, kisha malaria ya mke wangu, kisha Pasaka, kisha miwani. Sasa tuko vizuri. Violet wa jirani amejifungua pacha na mtaa mzima haulali.

Kuhusu hiyo picha. Wewe ni msomi na unaamini macho yako, lakini nisikilize mimi niliyekaa na alama za magari maisha yangu yote. Namba ya mlangoni si sura ya mtu. Mlango wa lori unafunguliwa kwa spana ukahamishiwa lori lingine. Vitani walifanya hivyo kila siku. Moto nao unakunja rangi. Masizi yanaweza kuziba nne ikawa tisa. Picha ikisafishwa upande wa pili, kushoto kunakuwa kulia. Nimeona watu wanagombana miaka kumi kwa sababu ya doa la maji.

Nilisema ni lile mwaka 1979 mbele ya babu yako Fanueli na mbele ya watu waliojaa uani, na mazishi yakafanyika, na mchungaji akaomba. Mama yako alilia akamaliza, akapata mume mwema, akazaa wengine watatu. Hiyo ni nyumba imesimama. Usianze kuchimba chini ya ukuta kwa sababu umeona ufa kwenye picha.

Mama yako usimwonyeshe. Hili nakuagiza kama mjomba wako. Hiyo karatasi kubwa kama sahani nimeichoma, nisamehe. Watoto hapa wanapekua kila kitu.

Barua usitume kwa posta tena. Tuma kwa basi, kwa jina langu, na waambie wanipigie mimi tu.

Sadoki


Dar es Salaam, 11 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Mke wako apone haraka. Sisi wazima wa mwili.

Ulichoma nakala. Filamu iko hapa kwenye kabati la chuma.

Sikulala vizuri baada ya barua yako, si kwa ulichosema bali kwa jinsi ulivyokisema. Hujawahi kuniandikia bila mzaha. Basi nikafanya kitu ambacho sikutumwa: nikafungua sanduku linalofuata, la baada ya vita. Nimetazama picha mia tatu na kitu kwa siku nne. Ijumaa nikaikuta.

Lori zima, halina hata kovu. Mlangoni namba 14, safi, haikuchuruzika, na ile nne yako yenye mguu nimeijua mara moja, maana ndiyo iliyoko kwenye mlango wa kanisa la Ihanda. Nyuma ya picha kuna muhuri: Masaka, Julai 1979. Yaani miezi mitatu baada ya sisi kuzika koti. Na kuna mwanaume ameegemea boneti, kofia mkononi, anacheka na mtu asiyeonekana. Ana masikio ya Brenda. Nilifunika uso wote kwa karatasi nikabakiza masikio tu, nikaita mwenzangu ambaye humwona Brenda akija kunisubiri, nikamuuliza ni ya nani. Akasema ya binti yako.

Naogopa mlango ukigongwa. Nina miaka arobaini na minane na naogopa picha.

Swali langu ni moja. Kama Julai alikuwa anacheka Masaka, alikwenda wapi?

Ikupa


Dar es Salaam, 15 Juni 2025

Mjomba,

Wiki tano. Ofisi ya basi wamesema kifurushi ulikichukua tarehe 13 Mei na ukasaini.

Simu yangu hupokei. Mkeo ananiambia umelala, saa nne asubuhi.

Sikutishi. Wewe ndiye ulinilipia kidato cha kwanza na sijasahau. Lakini Jumapili ya tarehe 29 nitampigia Mama, na nitamsomea muhuri ulioko nyuma ya picha. Kama kuna jambo la kulijua kabla, niambie wewe.

Ikupa


Tunduma, 22 Juni 2025

Ikupa,

Salamu nitaziacha leo. Nimeandika barua hii mara nne, na kila nikifika kwenye salamu naona nimepata pa kujificha.

Desemba 1978 malori ya raia yalikusanywa Mlowo, kumi na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na brashi mbili. Wakaniambia andika namba milangoni, moja hadi kumi na tisa. Nilianza asubuhi, mkono mzuri, herufi zinasimama. La baba yako lilikuwa la kumi na nne. Alisimama nyuma yangu akinitania kwamba nimempa namba nyembamba, yeye mtu mnene. Baada ya hilo rangi ikaanza kuniishia, nikaichanganya na mafuta ya taa. Kwa hiyo kuanzia kumi na tano hadi kumi na tisa zote zilichuruzika. Uliniuliza fundi anachuruzikaje. Hivyo.

Gazeti lilipofika nilipewa mimi kwanza, kwa sababu ndiye niliyejua alama. Nikaona mlango na masizi, na ile moja yenye kibendera. Nikasema, huu mkono wangu! Nikasema ni Yesaya. Mpwa wangu, mkono ulikuwa wangu kweli. Lakini ulikuwa wangu kwenye malori kumi na tisa. Mjinga yeyote asiyejua kuandika angesema sijui. Mimi fundi nilijiona mwenyewe kwenye picha nikaacha kutazama.

Siku tatu baada ya kuzika koti nilikaa nyumbani na kioo cha kukuzia. Nikaiona michirizi, na mkia wa ile tisa. Ningeweza kwenda Ihanda siku hiyo hiyo. Nilivaa viatu hata. Nikakumbuka babu yako alivyonishika bega mbele ya watu akasema bila wewe tusingejua, nikavua viatu.

Lori la kumi na tisa lilikuwa la Rabson, kijana wa Mlowo, mama yake Elina alikuwa anauza maandazi pale stendi. Jina lake halikuonekana kwenye orodha yoyote, maana kwa neno langu aliyeungua alikuwa mwingine. Watu wakasema Rabson alitoroka vita, ameoa Uganda. Elina aliitwa mama wa mtoro hadi alipokufa mwaka 1996. Mimi nilienda msibani nikala wali.

Sasa baba yako. Septemba 1980 mama yako aliolewa na Raphaeli. Oktoba ikafika barua kwenye sanduku langu la posta, ambalo ukoo wote tulikuwa tunalitumia. Mwandiko wa Yesaya. Alikuwa bado Uganda anaendesha, aliumwa muda mrefu, anauliza kwa nini barua zake hazijibiwi, ingawa mimi niliona hiyo moja tu. Nikaificha kwenye kopo la brashi. Kwa hiyo alipokuja mwenyewe, Februari 1981, nilikuwa nimepata miezi minne ya kupanga maneno.

Alishuka hapa Tunduma kwangu kwanza, ili aoge asiende kwa mkewe na vumbi. Nikamkalisha kwenye pipa la rangi nikamwambia. Akaniuliza, "Nimekufa lini?" Nikamwambia Aprili ya sabini na tisa. Akauliza, "Nani kasema?" Nikamwambia gazeti.

Unaona? Hata pale. Nikamwambia mkewe Ferista ameolewa kanisani na ana mimba. Ukiingia Ihanda leo unamfanya nani mzinzi, na mtoto wa nani atakuwa wa nani. Nilisema vizuri sana. Nikamrudishia barua yake, na ilikuwa imefunguliwa, naye akaitazama ile bahasha. Aliomba kitu kimoja, akuone. Nikaja kukuchukua kwa mama yako nikisema nakupeleka kununua viatu. Alijifanya fundi viatu. Alikupima mguu kwa kamba, taratibu, mguu wa kulia kisha wa kushoto kisha tena wa kulia. Wewe ulikuwa unakula muwa. Kesho yake akavuka mpaka.

Yuko Isoka, huko Zambia, au alikuwepo hadi mwaka 2019 niliposikia habari zake kwa dereva mmoja. Uliza fundi wa mashine za kusaga, Mtanzania.

Kila siku ya miaka hii nimeogopa. Si polisi. Nimeogopa dada yangu akinitazama. Tukuswiga, dada yake Rabson, ana duka la mbegu Mlowo, na mimi nikifika pale navuka barabara. Nimevuka barabara ile miaka arobaini na sita.

Fanya unavyoona. Ila mimi msalabani siwezi kuandika. Tangu Machi sijaishika brashi.

Sadoki


Isoka, 20 Julai 2025

Mjomba,

Nakuandikia kutoka kwake.

Nilipita Ihanda kwanza. Nilimkuta Mama jikoni anachagua maharage. Nilimsomea barua yako yote, pamoja na sehemu ile ya viatu. Hakuacha kuchagua. Nilipofika mwisho nikangoja, maana nilifikiri ataanguka. Akaniuliza, "Anakula mwenyewe au analishwa?" Nikasema sijui, bado sijamwona. Akasema nikajue. Kisha akaomba nimsomee tena pale kwa Elina.

Baba Raphaeli aliambiwa na Mama mwenyewe, mimi nikiwa nje. Walikaa muda. Alipotoka alikwenda kuwafungia mbuzi, na alikuwa ameshawafunga.

Hapa Isoka hawamwiti Yesaya. Wanamwita Ba Tanzania, yaani Bwana Tanzania. Amekonda sana, jicho moja ndilo linaona, mke wa huku alishafariki, na mtoto wake wa kiume anasaga unga kwa mashine zake. Nilimwambia mimi ni Ikupa. Akaniuliza navaa kiatu namba ngapi. Anakula mwenyewe, nimeshamtumia Mama ujumbe.

Nilimpa picha zote mbili. Yake aliiweka pembeni. Ya lori lililoungua aliisogeza kwenye jicho zima, akaweka kidole chini ya namba. "Huyu Rabson," akasema. "Alikuwa mbele yangu. Nilimwona akiungua, sikuweza kumsogelea." Kisha akaniuliza mama yake aliambiwa nini. Nilitoka nje, Mjomba. Uliyoyafanya kwetu naweza siku moja kuyazunguka. Hilo siwezi.

Hataki kurudi Ihanda, na hakukulaani. Alisema tu kwamba alipoiona bahasha imefunguliwa alijua si gazeti.

Mimi nitabaki huku hadi Septemba, ana kidonda mguuni kinachohitaji mtu. Shughuli haijaahirishwa. Mama amesema watu wameshaalikwa na saruji imeshanunuliwa. Uje tarehe 16, na brashi, na rangi nyeusi. Maneno atakusomea mwenyewe, hapo hapo, mbele ya watu. Nimemuuliza maneno gani. Alisema utayasikia siku hiyo.

Usivuke barabara safari hii.

Ikupa


Tunduma, 24 Agosti 2025

Mpwa wangu Ikupa,

Natumaini kidonda cha baba yako kinakauka. Salamu nyingi, mkwai kama wanavyosema huko, kwa huyo ndugu yako wa mashine. Mwambie ana mjomba huku, kama bado mnanihesabu.

Nilikwenda. Kwenye basi nilikaa karibu na mlango kwa mawazo mabaya. Ihanda kulikuwa na ukungu hadi saa tatu. Watu kama mia na hamsini, mchungaji, kwaya, sufuria zinachemka. Kaburi lilikuwa limeshasakafiwa, msalaba umesimama mweupe, hauna kitu. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mbele yake, na pembeni Raphaeli ameshika kopo la maji ya kuoshea brashi. Alinisalimia vizuri. Hilo lilinitisha kuliko kama angenipiga.

Mama yako alisimama na fimbo yake. Nikamtazama kwa mara ya kwanza tangu barua. Sitakueleza alivyonitazama.

Akasema, "Andika. Rabson."

Nyuma yangu watu wakaanza kunong'ona, kwamba bibi amechanganyikiwa, amesahau jina la marehemu mumewe. Akarudia, kwa sauti ileile. "Rabson, mwana wa Elina. Dereva. Aprili 1979." Nikaandika R. Mchungaji akamsogelea akamwambia kwa upole, mama, lakini koti lililomo humu ni la Yesaya. Akamjibu, "Yesaya yuko hai. Koti kamwazima mwenzake." Kisha akawageukia watu akasema, "Sadoki atawaeleza. Amewapa mgongo, lakini sauti yake mtaisikia."

Basi nikaeleza. Niliandika na kueleza, herufi kwa herufi, uso wangu ukiwa msalabani. Rangi, mafuta ya taa, michirizi, kopo la brashi, pipa. Nilipofika kwa Elina, hata jikoni waliacha kukoroga. Sikuweza kugeuka. Nilingoja jiwe. Nilikuwa nimeinamisha shingo kabisa, kama mtu anayenyolewa.

Hatua zilizokuja zilikuwa za taratibu, za mtu mzima. Kumbe mama yako alimwendea Tukuswiga Mlowo wiki nzima kabla, akamleta, akamkalisha mstari wa mbele, na mimi nilipoingia sikumwona kwa sababu macho yangu yamezoea kutomwona. Alisimama kando yangu. Ana miaka sabini na mbili, ni mrefu bado. Alisoma jina la ndugu yake kwa kidole bila kuigusa rangi.

Akaniuliza, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

Akatazama tena msalaba, akasema herufi tatu za mwisho za Elina zimepinda, nizirudie.

Raphaeli akanisogezea kitambaa. Nikazifuta, nikazirudia. Tukuswiga alisimama palepale hadi zikanyooka.

Sadoki